Kabla ya Hosipawa, Weka Kidole Ndani ya Bomba

Asanteni, kaeni, kaeni. Mwalimu ameniambia niko na dakika arobaini na hii maiki inakatakata, kwa hivyo nyinyi wa nyuma mkiona midomo inacheza bila sauti, pigeni kelele.

Nimeshuka kwa gari hapo nje, hata mlango sijafunga, kijana mmoja ananiuliza, mzee, hiyo Yaris ya Rally1 iko na hosipawa ngapi? Salamu hakuna! Rally1 ndio daraja la juu kabisa la gari za rally za dunia, na hosipawa ni nguvu ya injini, wengine tunaita farasi. Sitamtaja, amekaa hapo kwa dirisha anajificha nyuma ya daftari. Sawa, ilipoingia 2022 na haibridi, ile mota ya umeme ya kusaidia injini, ilikuwa inapita 500, 2025 haibridi ikatolewa ikashuka. Haya, umejua. Utafanya nini nayo?

Nimesema hii maneno hadi mke wangu ameichoka. Kampuni ikikaa chini kuunda gari mpya ya rally, hosipawa sheria imeshaipanga kabla hawajashika spana. Pale mdomoni mwa tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, kuna ristrikta, kile kipete cha kubana hewa, Rally1 ilianza na tundu la milimita 36, 2025 likawa 35, na kila mtu anapumulia hapo, Mjapani, Mkorea, wote. Toyota wenyewe 1995 walishikwa kwa rally ya Catalunya, Spain, hewa inapitia ujanja pembeni ya ristrikta, wakanyang'anywa pointi zote na wakafungiwa mwaka mzima. Sasa kama hewa ni ileile kwa wote, mhandisi anashindania nini? Anashindania gari ifike. Ndio hiyo tu nimekuja kusema, zingine ni mapambo.

Wacha niwapeleke nyuma kidogo. Mnajua Ove Andersson? Hamjui. Msweden, alishinda Safari Rally ya hapa Kenya 1975 na Peugeot 504, alafu akawa ndiye mkubwa wa timu ya Toyota kule Cologne, Ujerumani. Miaka ya themanini ikaja Group B, daraja la gari kali za rally, kampuni ilikuwa inatakiwa kuunda gari 200 tu ndio iruhusiwe kushindana, wazungu wakaingia wazimu. Audi ana fowili, yaani magurudumu yote manne yanasukuma, Peugeot ana fowili na injini iko nyuma ya dereva, Lancia naye yuko mbioni. Toyota akaleta nini? Celica Twincam Turbo, injini ya lita 2.1, iko mbele kama ya gari ya baba yako, magurudumu ya nyuma ndio yanasukuma. Kwa rally za Ulaya hiyo gari ilikuwa nzito, ilikuwa inaachwa.

Alafu ikaletwa hapa. Safari ya wakati huo si hii mnaona kwa TV, ilikuwa karibu kilomita 5,000 kwa siku chache za Pasaka, barabara haijafungwa, unakutana na matatu, unakutana na ng'ombe, helikopta iko juu inamwambia dereva mbele kuna nini. 1984 Björn Waldegård akashinda na hiyo Celica, Hannu Mikkola na Audi yake ya fowili akawa wa tatu. 1985 Juha Kankkunen, mara yake ya kwanza kabisa Safari, akashinda. 1986 Waldegård tena! Mara tatu mfululizo. Na huo mwaka wa 86 Lancia alikuwa na Delta S4, moto wa kuotea mbali, unajua alifanya nini? Aliiacha nyumbani akaja na 037 yake ya zamani. Alijua. Kile kilichobeba Celica ni vitu vya kufungua na kufunga haraka, bodi imeimarishwa, hakuna difu ya mbele, zile gia za kupeleka nguvu kwa magurudumu, ya kuvunjika manake haipo! Kitu hakipo, kitavunjikaje?

Najua mtaniambia, mzee hizo ni hadithi za enzi zenu, sikuizi kuna kompyuta. Sawa. 2021 Safari imerudi kwa WRC, mashindano ya dunia ya rally, baada ya kupotea tangu 2002, Thierry Neuville na Hyundai anaongoza mpaka Jumapili asubuhi, shokabzoba ya nyuma ikafa, akapaki. Sébastien Ogier akachukua na Toyota. Kompyuta zote zilikuwepo siku hiyo, hakuna hata moja ilishuka kusukuma.

Sasa niwape yangu, na jina la mwenye gari sisemi, bado ananinunia. Aliniletea Mitsubishi Evo kwa gereji, ametoka kuifungia tabo kubwa na kompyuta mpya, pesa imelia, anaringa ati ameongeza farasi arobaini. Tukaenda Naivasha, Kedong, kwa ile feshfesh. Nyinyi wa Nairobi mnadhani feshfesh ni vumbi. Vumbi unafuta! Feshfesh ni kama unga wa ngano, inafika magoti, gari ikiingia inamiminika juu ya boneti kama maji, inatafuta tundu. Stage ya pili, kile kipande cha barabara cha kushindania, gari inatoa moshi wa buluu. Nikafungua, eya klina ni safi, mpya, bei ghali. Nikapitisha kidole ndani ya bomba la mpira linalotoka kwa eya klina kwenda kwa tabo. Kidole kikatoka chekundu. Klipu ya bomba haikukazwa, bana! Klipu ya shilingi hamsini. Injini ilikuwa inakula mchanga tangu asubuhi, na hiyo tabo kubwa ndio ilikuwa inaunyonya kwa nguvu zaidi. Farasi arobaini wote walikuwa wanachota mchanga. Ananiuliza, fundi, tutaendelea? Nikamwambia tuite bredauni.

Mwalimu ananionyesha saa. Nilikuwa niwaeleze ile GR Yaris ya dukani, milango mitatu, silinda tatu, lita 1.6, vile ilizaliwa 2020 iwe msingi wa gari ya rally, alafu korona ikaua hiyo gari ya rally kabla haijashindana na ya dukani ikabaki yatima, na watu wanaipenda hivyohivyo. Hiyo siku nyingine. Pia sheria za 2027, gari moja isizidi euro 345,000, hapo wahandisi watalia manake sasa uimara utatafutwa na pesa kidogo, mimi nimefurahi sana, lakini wacha.

Maswali pia hakuna muda. Gari yangu iko hapo nje, boneti nimeacha wazi, bomba limelegezwa. Wewe wa dirishani, weka daftari chini, njoo na kidole kisafi.