Bustani ya Waridi: Ya Kitabuni na ya Jembe

Mabibi na mabwana,

Kuna bustani ya waridi ambayo Wakatoliki huishika mkononi kila siku bila kuinusa: rozari. Kwa Kilatini, rosarium ni bustani ya waridi. Waumini wa Ulaya ya kale waliona kila sala ni ua la kumvisha Bikira Maria, na jina la bustani likahamia kwenye shanga. Kwa hiyo Kiswahili kimelipokea ua hili kwa milango miwili, waridi kwa Kiarabu na rozari kwa Kanisa. Mafuta yake tukayaita halwaridi, mti wake mwaridi. Bustani yake tu ndiyo hatukuipa jina, tunaunga maneno.

Waajemi wanalo: gulistan. Mshairi wao Saadi wa Shiraz alikiita hivyo kitabu chake cha mwaka 1258, na dibajini anasimulia rafiki aliyetaka kutoka bustanini na upindo wa nguo uliojaa maua. Saadi akamwambia ua hudumu siku tano, sita. Yeye angemtungia bustani isiyonyauka. Rafiki akayamwaga maua yote pale pale. Napenda sana hapo alipoyamwaga. Kabla hata ya ukurasa wa kwanza kuandikwa!

Wala Saadi hakutia chumvi. Zamani karibu miwaridi yote ya Ulaya na Mashariki ya Kati ilichanua mara moja kwa mwaka, wiki chache, basi. Washairi walioling'ang'ania waridi kila walipotaka kusema ujana haukawii walikuwa wakieleza walichokiona dirishani.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 18, miwaridi ya China ilipofika Ulaya. Hiyo huchanua, hupumzika, huchanua tena. Wakulima wakaizalisha na ya kwao, na mwaka 1867 mkulima Guillot wa Lyon, Ufaransa, akatoa waridi liitwalo La France, na wengi huanzia hapo kuhesabu mawaridi ya kisasa. Sasa mtu aliweza kutenga uwanja mzima kwa ua moja na asijute. Sangerhausen, Ujerumani, walifungua bustani yao mwaka 1903. Leo ina maelfu ya aina.

Waingereza husema "sikukuahidi bustani ya waridi", yaani sikukwambia maisha yatakuwa raha tupu. Nadhani aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kushika jembe. Mwaridi wa bustani mara nyingi umebebeshwa: shina la juu zuri, mizizi ya mwaridi-mwitu. Ukizubaa, mwitu huchipua kutoka chini, nawe unafurahia matawi mapya kumbe mgeni anamfukuza mwenyeji. Chipukizi hilo usilikate juu juu. Fukua udongo ulifuate hadi lilipoanzia, ulinyofoe. Bado vidukari kwenye matumba, bado madoa meusi kwenye majani.

Halafu kupogoa. Unatafuta jicho, pale tawi linapochipukia, linalotazama nje ya kichaka, unakata juu yake kidogo, mshazari, ili tawi jipya likue kwenda nje na katikati pabaki na hewa. Unarudia hivyo mwaridi hadi mwaridi, mikono imechanika hadi kwenye viwiko. Mgeni akifika jioni ya siku hiyo ataona vijiti vya urefu wa goti na miiba, naye atakuuliza kwa adabu kabisa bustani yenyewe iko upande gani.