Jinsi ya Kuonyesha Kaboni na Haidrojeni Zilizomo Katika Mshumaa

Ndugu mtazamaji, leo tunathibitisha kwa macho kwamba nta ya parafini, inayotengenezewa mishumaa mingi ya dukani, imeundwa na elementi mbili tu: kaboni na haidrojeni. Andaa mshumaa mweupe, kiberiti, koleo, kisahani cheupe cha kauri na bilauri ya kioo iliyo baridi na kavu kabisa.

Washa mshumaa mahali pasipo na upepo, usubiri mwali utulie. Shika kisahani kwa koleo, kiingize katikati ya mwali kwa sekunde mbili au tatu, kisha ukigeuze. Doa jeusi unaloliona ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuwahi kuungua. Chembe hizo hizo, zikiwa zimepata moto, ndizo zinazoupa mwali rangi ya manjano.

Sasa ifudikize bilauri juu kidogo ya mwali na uutazame upande wake wa ndani. Kioo kinaingia ukungu, na ukungu huo ni maji. Hatua hii ndiyo niipendayo zaidi, kwa kuwa wengi hawaamini kwamba moto huzaa maji: nta haina maji, bali haidrojeni yake imeungana na oksijeni ya hewani.

Nta ni mchanganyiko wa alkani, yaani kampaundi za kaboni na haidrojeni tu ambazo atomi zake za kaboni zimeungana kama mnyororo. Chukua daftari uandike kanuni yake: penye atomi n za kaboni, pana atomi 2n+2 za haidrojeni. Propani ni C3H8 na butani ni C4H10, nazo ndizo gesi ya kupikia. Mafuta ya taa yana kaboni takriban 10 hadi 16 katika kila molekuli, ingawa humo zimo pia haidrokaboni (kampaundi za kaboni na haidrojeni) zenye umbo la pete. Nta huanzia kaboni 20 hivi hadi 40, mfano C25H52. Kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo molekuli zinavyoshikana zaidi, na ndiyo maana butani ni gesi, mafuta ya taa ni kimiminika, nayo nta ni yabisi.

Kwa kuwa mafuta ya taa, dizeli na petroli ni ya ukoo mmoja, huchanganyika kwa urahisi. Mwaka 2018 Kenya ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Mchanganyiko wa hatari zaidi ni wa mafuta ya taa na petroli, ambayo mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Kwa hiyo, jaribio hili lifanye kwa mshumaa peke yake, na mafuta ya taa yanayonuka petroli usiyatie kamwe katika jiko wala koroboi.