Mkekani, Mtoto Akiwa Katikati

Ndugu mwenyekiti, wauguzi wenzangu, watendaji wa kata, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka vitongojini tangu alfajiri: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Tukikutana kwenye kumbi kama hii huzungumzia chanjo, vyandarua na mahudhurio ya kliniki. Ni mambo ya lazima. Leo naomba nikae kwenye kitu ambacho rejista haina safu yake: yale mazungumzo ya mhudumu na mama wakiwa wamekaa mkekani, mtoto yuko katikati yao.

Mhudumu akipiga hodi, akakaribishwa, akauliza, "Mama, mtoto anapata maziwa ya mama tu?" jibu ni ndiyo. Kila mama analijua jibu linalotakiwa, ameshalisikia kliniki. Lakini akiuliza, "Tangu jana asubuhi mpaka sasa hivi, mwanetu amekunywa nini, amelambishwa nini?" ndipo zinatoka habari za kijiko cha maji kwa sababu ya joto, na dawa ya chango aliyoichemsha bibi. Mtoto mwenyewe ana miezi mitatu.

Sisi tuliosomea darasani hapo huanza kufoka. Tukishafoka, mama atanyamaza, na mara nyingine atajificha akituona njiani. Mhudumu anayeijua kazi yake humsifu kwanza kwa anachokifanya vizuri, labda kumnyonyesha usiku na mchana, kisha husogea alipo bibi. "Shikamoo bibi, naomba tukae wote." Katika nyumba nyingi bibi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kinachoingia kinywani mwa mtoto, na ana haki ya kuelezwa kwa heshima: kwamba maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto hata msimu wa joto, na tumbo dogo likijaa maji, maziwa yanakosa nafasi. Bibi akikubali, mama hana wa kushindana naye.

Sasa tumchukue mtoto wa miezi minane. Mhudumu anauliza, "Huwa mnaongea naye?" Mama anashangaa. "Niongee naye nini, dada, na hajui kusema?" Nimeona wahudumu wenye moyo mwema kabisa wakimchukua mtoto na kuanza kumchezesha wenyewe. Mtoto anacheka, nyumba nzima inafurahi, na mama anabaki akiamini kwamba yule mgeni ndiye fundi. Mwacheni mtoto kwa mamake. Mwombeni mama alete bakuli la plastiki na kijiko, kisha mwambieni, "Mwangalie anafanya nini, nawe fanya hivyo hivyo." Mtoto anagonga bakuli. Mama anagonga. Mtoto anatulia, anamkazia macho mamake, halafu anagonga tena kwa nguvu zaidi. Akitoa sauti, mama aitikie. Na hapo mhudumu aseme alichokiona: "Umeona alivyokutafuta kwa macho?"

Basi. Dakika kumi, vyombo vya jikoni, hakuna shilingi iliyotumika. Haya ndiyo malezi yenye mwitikio, mojawapo ya nguzo tano za mwongozo wa malezi ya watoto wadogo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Nyingine ni afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo hizo ziko pia kwenye programu yetu ya taifa hapa Tanzania ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Ubongo hujengeka kwa kasi kubwa mno katika miaka hii ya mwanzo. Tena mama aliyezoea kumsoma mwanawe kwa macho hujua mapema ameshiba au amekataa uji kwa ugonjwa.

Mkekani ndipo pia mhudumu humwona mama ambaye mtoto analia naye hageuki. Tusikimbilie kumwita mvivu. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua. Huyo anahitaji kusikilizwa na kusindikizwa kituoni, na mumewe aambiwe waziwazi kwamba mkewe anaumwa.

Sasa niseme lililo moyoni. Kazi hii inahitaji muda, na muda wa mhudumu tunaupora. Tunampa rejista ya kifua kikuu, ya uzazi wa mpango, ya vyoo, na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Halafu tunataka aende nyumba kwa nyumba kwa miguu, na jioni alime ili wanawe wale. Mwongozo mwingine wa Shirika la Afya Duniani, nao wa mwaka 2018, unataka wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi wanayoifanya. Wenzetu Kenya walianza mwaka 2023 kuwalipa posho ya kila mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia. Hapa kwetu mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu zaidi ya 137,000, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanamume. Nimeufurahia sana, hasa kuwapo kwa mwanamume, maana kuna akina baba ambao watamsikiliza mwanamume mwenzao kwanza. Lakini miaka yote tuliyowaita watu wa kujitolea, tuliwaachia wao gharama ya afya ya watoto wetu.

Kwa hiyo, watendaji na wenzetu wa halmashauri, naomba mambo mawili kwenye bajeti ijayo: posho ifike kwa tarehe inayojulikana, na rejista zipunguzwe ili kila mhudumu akae nusu saa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga bila kutazama saa.

Nimemaliza, karibuni kwa maswali. Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianzie kwa wahudumu waliokaa kule nyuma, sisi wa meza kuu tufuate.