"Una Kalamu?": Mhadhara Kuhusu Tovuti za Biashara

Asante, Mwenyekiti. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninachokuja kusema. Mliokuja na matumaini kwamba nimebadilika, poleni.

Wenye biashara wananiita kwa malalamiko yale yale: "Watu wanaingia kwenye tovuti yetu, lakini hawakai." Kisha wanataka niwaongezee kitu cha kuwakalisha. Video, muziki, picha zinazopokezana pale juu. Mmoja alitaka theluji idondoke kwenye ukurasa. Nikamuuliza, mteja akishaiona theluji, afanye nini? Hakuwa amefika huko.

Sasa nitawasimulia kisa cha mzee wa pampu. Wengine mmeshakisikia, vumilieni, maana makosa yenyewe bado mnayafanya.

Mzee huyu ana karakana ya kutengeneza pampu za maji, fundi hodari kabisa. Nikamwambia: mzee wangu, toa simu yako. Zima waifai ya ofisi, tumia bando kama watu wengine. Sasa wewe si mwenye kampuni tena. Wewe ni mtu ambaye pampu imemfia asubuhi hii, tangi kavu, nyumba imejaa watu. Ingia kwenye tovuti yako utafute msaada.

Akaingia. Skrini nyeupe. Kaduara kanazunguka. Mzee akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Hatimaye ikaja picha ya watu wenye suti wanapeana mikono. Nikamuuliza, hawa akina nani? Akasema hawajui, walikuja na tovuti. Juu yao pameandikwa: "Karibu kwenye tovuti yetu rasmi." Hajamaliza kusoma, picha ikajibadilisha. Mara kijidirisha kikaibuka katikati, kinamwomba anwani ya barua pepe ili apokee habari za pampu kila wiki. Jamani, nani anataka habari za pampu kila wiki? Akatafuta alama ya kukifunga, ndogo kama punje ya ufuta. Kidole kikakosea, ikafunguka fomu. Akarudi nyuma. Kaduara tena.

Dakika ya tatu akaiona namba ya simu, chini kabisa ya ukurasa wa Kuhusu Sisi, baada ya salamu za mkurugenzi, ambaye ni yeye. Akaibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Ile namba ilikuwa ndani ya picha: mtu aliipiga picha kadi ya biashara akaibandika pale. Mzee akanyanyua kichwa, akaniuliza, "Una kalamu?"

Simu imo mkononi mwake, anaomba kalamu ili anakili namba yake mwenyewe!

Namba ya simu iandikwe kama maandishi, tena iwe kiungo kinachoanza na tel: ili kidole kikiigusa simu ipige. Kazi ya dakika moja. Aliyejenga tovuti ile alipata muda wa kupanga zile picha zipishane kwa madoido, dakika hiyo moja akaikosa.

Najua kuna anayesema moyoni: lakini mteja akipiga simu baada ya sekunde 20 akaondoka, takwimu zitaonyesha hakukaa. Ndiyo, hakukaa, amepiga simu! Ulitaka akae afanye nini, akuombe maji ya kunywa? Kwenye ripoti ya mzee wengi walikuwa wanatoka papo hapo, na wachache walikaa dakika tatu, nne. Hao wachache alikuwa akijivunia. Walikuwa wanatafuta namba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtandaoni hizo siku mbili hazipo, jembe apewe mlangoni. Sentensi ya kwanza kabisa imwambie unafanya kazi gani na unamfanyia nani, na chini yake pawe na kitufe kimoja cha hatua inayofuata. "Karibu kwenye tovuti yetu" haimwambii kitu. Anajua ni tovuti, ameifungua yeye.

Turudi kwenye zile picha, maana hapa huwa napandwa na hasira. Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walipima picha zinazopokezana za ukurasa wao wa mwanzo mwaka 2013. Karibu asilimia 1 tu ya wageni walibofya chochote pale, na wengi wa hao walibofya ile picha ya kwanza. Zile nyingine mnampangia nani?

Na uzito wake! Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4,000, yaani vile vidoti vinavyoijenga picha, urefu 3,000, na inaweza kufika megabaiti 4. Skrini nyingi za simu zina upana wa pikseli kama 1,080. Kwa hiyo unamtumia mtu pikseli mara 13 na ushee ya zile anazoweza kuziona. Weka picha tano kama hizo, ni megabaiti 20. Kwenye intaneti ya megabiti 4 kwa sekunde, na kila megabaiti ni megabiti 8, hizo ni sekunde 40 za kaduara. Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika, akijengea kazi ya mtafiti Robert Miller ya 1968, kwamba ndani ya sekunde 1 mawazo ya mtu hayakatiki, na kwamba sekunde 10 ndio mwisho wa kuushika umakini wake. Kompyuta zimebadilika mara ngapi tangu wakati huo, ubongo ni ule ule. Google nao wanataka kitu kikuu cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Punguza picha ziwe na upana unaotumika, zihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, zile za chini zipakiwe mgeni anapozikaribia. Usiniambie msanifu wako alisema zitapoteza ubora. Mzee wa pampu hakuuona ubora, aliona weupe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Kila picha iandikiwe upana na urefu kwenye msimbo wa ukurasa, la sivyo ikichelewa kuja itasukuma maandishi chini na mgeni aliyelenga "Nunua" atabonyeza "Ghairi". Maandishi ya kijivu juu ya weupe, acheni, kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wote, ni tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake, na kuna vifaa vya bure vya kupima. Fomu: nilikuwa na mengi hapa. Chukueni hili tu, usimuulize mtu tarehe ya kuzaliwa anapotaka kujua bei. Menyu nitaziruka, na suala la lugha pia, ingawa lilistahili mhadhara wake.

Maswali. Tuanze na wewe wa nyuma uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja picha zinazopokezana. Usibishane na Notre Dame. Niambie tu, zako ni ngapi?