Waigizaji wa Kamiriithu, 1977

Walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa vikundi vya maigizo, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie uigizaji uliotia fora katika mwaka mmoja wa maigizo nje ya jiji kuu. Nadhani walionialika walitarajia nichague mwaka jana, niwapime ninyi mlioketi mbele yangu, niseme nani alivaa uhusika na nani alivaa maleba tu. Nimechagua mwaka 1977. Na mahali nilipopachagua ni kijiji cha Kamiriithu, Limuru, kilomita kama 30 kutoka Nairobi.

Ukitaja Kamiriithu mbele ya watu wanaosoma, utasikia majina mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walioandika Ngaahika Ndeenda, ile tunayoijua kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Anayejua zaidi ataongeza la Kĩmani Gecaũ, mwelekezi. Kisha mazungumzo yanahamia kwenye serikali, marufuku na kizuizini. Yote hayo yana uzito wake, nami nitayagusa. Lakini igizo lile lilichezwa na watu. Kulikuwa na vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wenye vishamba vidogo, vijana wasio na kazi, na wasomi wachache. Hao ndio nimekuja kuwazungumzia leo. Mimi naamini hakuna uigizaji uliowashinda Kenya nzima mwaka ule.

Tuanze na kiti.

Mnaona kiti hiki cha mbao? Nilipofika hapa saa nane mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, akaitwa fundi wa hapa ukumbini. Nikakaa kumtazama. Hakuanza kwa kugonga. Alikigeuza kiti miguu juu, akautikisa ule mguu mara mbili, akatega sikio. Akatia misumari mitatu mdomoni, akaibana kwa midomo, akaendelea kunisimulia habari za mvua na bei ya unga, misumari ikicheza kila alipotamka neno. Mimi hakunitazama hata mara moja. Nyundo pia hakuitazama. Macho yalikuwa pale ambapo msumari ungeingia. Nimemwomba aulegeze tena ule mguu, akanishangaa, lakini amekubali.

Sasa, kijana, wewe wa mwisho safu ya pili, njoo hapa. Shika nyundo. Wewe ni baba mwenye nyumba, kiti chako kimevunjika, mkeo yuko hapo kando anamenya viazi, mnazozana kidogo. Tengeneza kiti.

Ahsante. Mpigieni makofi, ana moyo. Lakini semeni kweli, mmeona nini? Aligonga, halafu akatutazama kuona kama tumemwona. Nyundo ilipanda hadi usawa wa kichwa kwa msumari mdogo kama huu. Na alipofika kwenye maneno ya kuzozana, akaiweka nyundo chini, maana amefundishwa kwamba uigizaji ni maneno. Naona kuna mama kule nyuma ametikisa kichwa. Mama, tutarudi kwako.

Nitaolewa Nikipenda inafunguka namna hiyo hiyo. Kigũũnda, kibarua wa shamba la tajiri, anatengeneza kiti nyumbani kwake. Wangeci, mkewe, anamenya viazi. Ukutani imetundikwa hatimiliki ya shamba lao, ekari moja u nusu, imewekwa kwenye fremu kama picha ya mtakatifu. Basi. Hakuna mfalme anayeingia, hakuna ngoma inayolia bado. Kila kitu kitakachokuja baadaye, yule tajiri Ahab Kĩoi na mkewe, ile harusi ya kanisani wanayosukumiwa, mkopo wa benki, na shamba kupigwa mnada, kitasimama juu ya dakika hizo chache za mtu na kiti chake. Hadhira isipoamini mikono ya Kigũũnda mwanzoni, haitamlilia mwishoni.

Sasa chukua mtu ambaye kila kitu kilichovunjika nyumbani kwake hukitengeneza mwenyewe, umpe nafasi hiyo. Chukua mama aliyemenya viazi tangu utotoni, umwambie amenye huku anajibizana na mumewe. Ni shule gani itakayowapa waigizaji wake mikono kama ile?

Na hapa wengi wanateleza. Wanasema wale watu wa Kamiriithu hawakuigiza, walikuwa wanaishi tu maisha yao mbele za watu. Nimelisikia hilo mara nyingi na linaniudhi, kwa sababu linawanyang'anya kazi yao. Jaribuni wenyewe. Mchukue mkulima hodari, mpandishe jukwaani, mwambie alime mbele ya watu mia moja. Jembe litamgeukia. Mtu akitazamwa anasahau hata anavyotembea. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe ameandika kwamba mwanzoni walikuwapo waliokuwa hawawezi hata kusogeza miguu jukwaani, wala kutamka maneno yao sawasawa, na kwamba baada ya miezi ya mazoezi walisema na kutembea mle kana kwamba walizaliwa nayo. Miezi hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame.

Mazoezi yalifanyiwa uwanjani, peupe. Mwanzoni ni kwa sababu hapakuwa na ukumbi. Palikuwa na kiwanja cha ekari nne chenye jengo moja bovu la udongo, na wanakijiji wakajijengea ukumbi wao. Vijana waliupanga kwanza chini kwa njiti za kiberiti, kisha wakaujenga: jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti vinavyopanda kama ngazi, nafasi ya watu zaidi ya 2,000, na juu mbingu tupu. Kwa hiyo aliyetoka kazini jioni alipita pale, akasimama, akatazama. Kesho yake akarudi na mwenzake.

Na hawakutazama kimya. Hebu jiwekeni mahali pa mwigizaji yule. Unacheza mzee, jirani yako mzee wa kweli amesimama hatua kumi kutoka kwako, na anakuambia mzee hasemi hivyo, hiyo ni lugha ya kijana. Unatumia methali, bibi mmoja anakukatiza kwamba umeipindua. Waandishi nao hawakupona. Waliulizwa huko chuo kikuu walisomeshwa nini hata Kigĩkũyũ kikawa hivyo. Mstari ukarekebishwa palepale.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni hili. Walikuwapo watu waliokuja kutazama tu, wakaona mhusika fulani anachezwa vibaya, wakashindwa kuvumilia. Wakaingia uwanjani wakaonyesha anavyopaswa kuchezwa. Waliokuwa wakitazama wakawapigia makofi wasishuke, waendelee. Na baadhi yao wakabaki na nafasi hiyo mpaka siku ya onyesho. Ninyi mnaofanya majaribio ya kuteua waigizaji, mnakaa nyuma ya meza na karatasi zenu, mtu anaingia, anasema dakika mbili, anatoka. Kule, mtu aliingia kwa sababu uwongo aliouona ulimchoma. Ningepewa waigizaji watano wa namna hiyo nisingeomba kitu kingine.

Tena kulikuwa na mtu aliyekuwa akiunda bunduki za kuigizia, za mbao, kwa ajili ya sehemu zinazorudi kwenye vita vya uhuru. Mtu huyohuyo, miaka ya hamsini, ndiye aliyekuwa akiwaundia wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli. Kamiriithu yenyewe ilianza kama kijiji cha wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, watu walipoondolewa makwao na kurundikwa pamoja. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini aliposhika bunduki ile jukwaani, aliikabidhiwa na mikono iliyojua uzito wa ile nyingine. Angeishika ovyo, mzee yuko pale. Mwelekezi hakuhitaji kuwahutubia vijana wale juu ya historia.

Na kiwandani vilevile. Kuna jirani wa Kigũũnda aitwaye Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwanda, anayeeleza jinsi jasho la mfanyakazi linavyogeuka kuwa mali ya mwingine. Maneno ya namna hiyo ni mtego kwa mwigizaji. Mara nyingi hugeuka mahubiri, naye husimama katikati, hunyoosha kidole, huinua sauti. Mimi nimewaona wengi wakianguka hapo. Kule, watu wa kiwandani walikuwa wamekaa na kupiga hesabu wao kwa wao: ni viatu vingapi kwa siku, vinauzwa kiasi gani, mshahara ni kiasi gani. Mtu aliyepiga hesabu hiyo kwa mshahara wake mwenyewe hana haja ya kuinua sauti. Anaweza kuisema polepole, kama anayehesabu chenji, na wewe uliyekaa safu ya kumi ukaacha kupumua.

Nairobi nako hakukuwa kumelala, tuseme ukweli. Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1976, Kenya National Theatre ilipokea igizo la Mzalendo Kimathi, la Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, likielekezwa na Seth Adagala, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Maigizo yote mawili yalikuwa njiani kwenda FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos mapema 1977, na bado yalibanwa kwenye siku chache katika ukumbi uitwao wa taifa, huku burudani za kigeni zikipewa nafasi yake. Kulikuwa na waigizaji wazuri sana pale. Ila walikuwa wakiomba nafasi. Kamiriithu walijijengea yao.

Onyesho lilifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka mbali. Na mwigizaji anapimwa kwa jambo dogo lililotokea mtaani baadaye: watu walianza kuitana kwa majina ya wahusika. Bwana mwenye kiburi akipita wanamwita Kĩoi. Mtu akisema kwa niaba ya wenzake anaitwa Gĩcaamba. Mimi sijui tuzo inayozidi hiyo.

Tarehe 16 Novemba leseni ya onyesho ikafutwa. Majuma sita na kitu. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima. Kikundi hakikufa. Mapema 1982 kilikuwa kikifanya mazoezi ya igizo jingine, lenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, na kikanyimwa ukumbi wa taifa. Maelfu wakaenda kutazama mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi badala yake. Kisha tarehe 12 Machi 1982 polisi wakafika Kamiriithu wakaubomoa ule ukumbi. Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakakimbilia Zimbabwe, wakaendelea na kazi huko. Wachuma chai na watu wa kiwandani hawakuwa na pa kukimbilia. Walirudi kazini Jumatatu.

Mei 2022 Nitaolewa Nikipenda ilipanda jukwaa la Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, chini ya mwelekezi Stuart Nash. Nilifurahi, na ninyi mlioiona mlifurahi. Waigizaji wale walikuwa na taa, na vipaza sauti, na vyumba vya kuvalia. Nawaheshimu, kwa sababu walilazimika kujifunza kwa majuma machache yale ambayo wenzao wa 1977 walikuja nayo kutoka nyumbani.

Siku moja katika zile wiki sita mvua ilinyesha katikati ya onyesho. Ukumbi hauna paa, nimeshawaambia. Waigizaji wakasimama, watu wakatafuta pa kujificha. Mvua ikakatika, wakarudi kwenye viti vyao, waigizaji wakaendelea pale walipoachia. Ikanyesha tena. Wakajificha, wakarudi. Ikanyesha mara ya tatu. Hakuna aliyekwenda nyumbani.

Mnajua ugumu wa jambo hilo kwa mwigizaji? Umefika kwenye kilio, mvua inakukatiza, unakimbia, unajifuta uso kwa kanga ya mtu, unarudi na nguo imekushika mwilini, na inabidi ulie tena kutoka pale pale. Mara tatu. Na watu wametulia, wamelowa, wanakungoja. Ningetoa chochote niwe nimekaa mle, hata kwenye ngazi ya juu kabisa.

Tuna dakika kama ishirini hivi. Kiti kile pale, mguu bado umelegea. Misumari iko mezani. Kijana wetu, kaa hapo kando, menya viazi, leo wewe ndiye Wangeci. Na yule mama wa nyuma, aliyetikisa kichwa, shuka tafadhali, mama yangu, njoo utuonyeshe.