Nyumba ijiendeshe yenyewe: klaudi ama mtandao wa ndani? Chomoa kebo kwanza

Haya watu wangu karibuni tena hapa Donholm. Leo tunamaliza lile swali mnaniuliza kila siku, taa na pampu zijiendeshe kupitia klaudi, yaani seva za kampuni huko kwa intaneti, ama kila kitu kikae ndani ya nyumba. Kabla ununue kitu, kuja hapa kwa ruta. Hii kebo nyembamba yenye ncha ya kijani ndo inaleta intaneti. Ichomoe polepole, usiguse ile ncha na kidole na usiichungulie, iweke tu hapo kando. Ona hiyo taa nyekundu ya LOS imeanza kupepesa. Stima iko, intaneti haiko. Sasa weka simu mfukoni utembee nyumba yako kama kawaida, uone nini imekufa.

Nasema uweke simu mfukoni kwa sababu balbu zingine zikiwa waifai moja na simu bado zitakusikia, unadhani uko sawa, kumbe ratiba na sensa, yaani zile akili zenyewe, ziko kwa seva nje ya nchi. Sensa yangu ya zamani ilikuwa hapa kwa mlango, balbu pale juu, hata mita 3 hazifiki, lakini habari ya kwamba mtu amepita ilikuwa lazima itoke Nairobi iende kwa seva ya kampuni irudi ndo balbu iwake. Intaneti ikiwa poa hushtuki. Mwaka jana wakichimba barabara huku mtaani kebo ikakatwa, siku 2 tukakaa bila. Mama huamka saa 10 usiku, akashuka akijua taa itawaka, haikuwaka, akakosa ngazi ya mwisho, kifundo kikavimba wiki nzima. Taa ya njia ya mama yangu haitangoja seva ya mtu tena.

Kwa hivyo mimi huchagua kitu kwa kitu, sio nyumba nzima. Chenye kikikwama mtu anaumia ama maji yanamwagika, kiwe cha ndani: taa za ngazi, taa ya geti, pampu ya tenki. Kamera unayotaka kuangalia ukiwa ushago, ama kuongea na spika, klaudi ni sawa kabisa. Na kama uko bedsita na balbu moja, kaa na klaudi yako, usijitese. Jua tu seva si yako: mwezi wa 4 mwaka wa 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya nyumba kule Marekani, zilizimwa bila onyo, watu wakaamka programu ya simu haifanyi, lakini wale walikuwa wameunganisha hab yao, kile kisanduku kinachoongea na balbu, na mtambo wa ndani waliendelea kuwasha taa.

Haya mtambo wenyewe. Raspberry Pi 4, hii kompyuta ndogo, unaweka Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba, ni ya bure, unafungua homeassistant.local:8123 kwa kompyuta, unatengeneza akaunti, hiyo inajieleza, twende.

Sasa hapa simama. SIMAMA. Hiki kidude cha USB cha Zigbee, yaani redio inayoongea na sensa na balbu bila waya, usikichomeke moja kwa moja kwa Pi. Tumia kebo ya ekstensheni, hata ya mita 1, na uchomeke kwa shimo nyeusi, sio la bluu. Mashimo ya bluu ni USB 3, yakifanya kazi yanatoa kelele kwa mawimbi ya 2.4 GHz na Zigbee inaongea hapo hapo. Nilipoteza wikendi mbili nikibadilisha betri za sensa nikidhani ni mbovu, na zilikuwa nzima. Ekstensheni, tafadhali.

Pia chagua chaneli kabla ya kuunganisha kitu chochote, ukibadilisha baadaye kuna vifaa vitapotea uanze kuviunganisha upya. Kwa fleti hizi zetu kila jirani ana waifai yake, mimi naweka ruta yangu chaneli 1 halafu Zigbee naipeleka 25, huko juu kuna nafasi.

Tuunganishe sensa. Pini ya karatasi, kwa hiki kishimo, finya sekunde 5 mpaka ipepese... inapepesa... mbona haionekani? Ngoja. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Nilipofuta meza nimekichomeka kidude kwa shimo la bluu tena, kimekaa karibu kabisa na diski ya Pi. Sitakata hii sehemu, nataka muione. Narudisha ekstensheni, nakisogeza mbali na diski, finya tena, moja, mbili... imeingia. Hata sekunde 10 haijafika.

Otomatiki yenyewe ni fupi: mwendo ukionekana na jua limezama, washa balbu, dakika 3 bila mwendo zima. Usiandike saa, chagua jua. Mtambo unapiga hesabu ya machweo wenyewe kutoka mahali nyumba iko, hauhitaji intaneti.

Stima ikipotea, hiyo ni habari nyingine. Pi inataka volti 5 ampea 3, kwa hivyo ukinunua UPS ndogo, ile betri ya akiba, soma kibandiko, nyingi zinatoa ampea chini ya hiyo. Kadi ya memori ya Pi huweza kuharibika umeme ukikatwa ghafla, weka diski badala yake, na weka bakapu kila wiki. Na jamani, instant shower usiipitishe kwa swichi ndogo ya ampea 10! Shawa ya wati 5,000 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 21, hiyo swichi itayeyuka ukutani. Muite fundi wa stima.

Kebo ya intaneti bado iko chini, taa nyekundu bado inapepesa. Mama, hebu pita hapo kwa ngazi. Pita tu, usiangalie kamera... Hiyo! Imewaka kabla afike ngazi ya pili. Asante mama. Sasa narudisha kebo, halafu tupande juu kwa tenki tufunge swichi ya pampu.