Sehemu ya 41: Wino Ulikuwa Bado Mbichi

DADA: Kamwene, wasikilizaji.

MWALIMU: Ndaga. Na wa Tukuyu na Kyela, mugonile.

DADA: Tupo chumbani kwetu kule kule Soweto ya Mbeya, mvua inapiga bati. Mkisikia ngurumo, si simu zenu. Leo tuliahidi mambo matatu ya kumsaidia mwalimu moyo usichoke kabla ya mwili. Mwalimu ameyaandika, karatasi hii hapa. Ila Jumatano usiku alinipigia simu, nikamwambia karatasi isubiri, aanze na lile la Jumanne.

MWALIMU: Jumanne nilichelewa. Mnajua nakaa Mwanjelwa na kazi iko kule juu Umalila. Iwambi lori lilikuwa limekwama, na pale kwenye ujenzi wa njia nne ukikwama umekwama. Mbalizi nikachukua boda. Tumepanda kidogo tu, ikazama kwenye tope hadi eksozi. Tunasukuma mimi na dereva, haitoki. Akaja mtoto, binti wa darasa la sita, shuleni kwangu. Akaweka mfuko wake wa madaftari juu ya jiwe, akavua viatu, akasukuma na sisi. Ilipotoka nikapanda nikaondoka.

DADA: Ukamwacha.

MWALIMU: Boda ni ya mtu mmoja kwenye tope lile, dada. Nilimwambia asante. Nimefika saa 1 na dakika 40. Na wiki hii zamu ni yangu.

DADA: Waeleze na wasio walimu.

MWALIMU: Mwalimu wa zamu ndiye anayepokea wanafunzi, anasimamia usafi, mstari, wachelewaji. Halafu kuna kitabu cha mahudhurio ya walimu: jina, saa, sahihi. Muda ukipita mkuu anapiga mstari mwekundu, ukija baada ya hapo unaandika chini yake na kila mtu anaona. Siku hiyo mkuu alikuwa kwenye kikao halmashauri. Mstari haujapigwa. Nikaandika saa 1 na dakika 5.

DADA: Mkono haukusita?

MWALIMU: Haukusita, na ndicho kinachoniuma. Kama ningesita ningesema nilipambana na nafsi yangu. Niliandika kama ninavyoandika tarehe. Nikatoka nje na sura ya zamu. Wachelewaji wamepangwa, kumi na mmoja. Yule binti ni wa mwisho kwenye mstari, miguu ina tope hadi magotini, viatu ameshika mkononi.

DADA: Na ulimwona.

MWALIMU: Nilimwona, naye aliniona. Akasema "Shikamoo mwalimu" kama wenzake. Nikawapa bustani, wang'oe majani. Wote kumi na mmoja.

DADA: Hukumchapa.

MWALIMU: Sikumchapa. Sijitetei kwa hilo. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, apige mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa ya maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Hata kiboko kina kitabu chake. Kung'oa majani hakuna kitabu, ukimwonea mtoto haiandikwi popote. Walipomaliza nikamtuma yeye huyo huyo ofisini aniletee chaki, sijui kwa nini yeye. Kitabu kilikuwa wazi juu ya meza pale pale penye boksi la chaki. Wino wa kalamu yangu huwa unachelewa kukauka. Alivyonipa chaki, kidole chake kilikuwa na bluu.

DADA: Aligusa.

MWALIMU: Aligusa saa yangu. Mtoto wa darasa la sita anajua kusoma saa 1 na dakika 5. Hakusema neno. Akaenda kukaa.

DADA: Nilivyosikia hiyo nilimkumbuka baba. Nisameheni, najua mmeshamsikia sana mzee wangu hapa.

MWALIMU: Sasa inakuja kengele.

DADA: Inakuja, maana bila kengele hamtaelewa. Shule yake ilikuwa upande wa Makambako, na kengele ilikuwa kipande cha reli.

MWALIMU: Rimu ya lori. Shule zote za nyanda za juu ni rimu.

DADA: Reli, Mwalimu! TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, inapita pale pale kwetu, na vipande vilivyobaki watu walivifanyia kazi. Kile kilining'inizwa kwa waya kwenye mlingoti. Rimu inalia *ngaa* inakufa. Reli inalia, unasema imenyamaza, kumbe bado iko bondeni inatembea.

MWALIMU: Wiki iliyopita msikilizaji wa Mufindi ameleta sauti ya rimu, inasikika hadi kwenye mashamba ya chai.

DADA: Na wa Rungwe wawili wameleta reli. Wa Kyela kaleta jembe la plau, sijui tumhesabu wapi.

MWALIMU: Plau ni chuma chembamba, ni ndugu yake rimu.

DADA: Basi sikiliza. Mzee aliingia kazini kama mwalimu wa UPE, Elimu ya Msingi kwa Wote. Vijana wa sasa hawajui ile ilikuwa nini. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, 1977 ikafika, madarasa yamefurika na walimu hawapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, asubuhi wanafundisha, jioni wanasoma wao, masomo mengine kwa redio. Watu waliwadharau. "Mwalimu wa UPE" lilikuwa tusi. Mzee alilijua. Mtoto akiuliza asichokijua alisema mbele ya darasa, "Sijui. Nitakuletea kesho." Na kesho alileta. Nilisoma kwake miaka saba, sikuwahi kuona kesho yake ikapotea.

MWALIMU: Hilo la kusema sijui ni gumu kuliko watu wanavyofikiri. Unasimama mbele ya watoto themanini, unahisi ukisema sijui ukuta utaanguka.

DADA: Sasa kengele aliigonga mwenyewe, hata alipokuwa mwalimu mkuu. Saa moja kamili, nondo mkononi. Siku moja saa hiyo ikapita kimya. Tuliingia saa moja na robo tukitazama mlingoti. Alikuwa amempeleka mama zahanati usiku. Alipofika aligonga, akawaita wachelewaji, na siku hiyo shule nzima ilikuwa imechelewa kwa sababu ilikuwa inasubiri kengele. Akachukua kwanja. Akavua koti, akalitundika kwenye reli ile ile, akafyeka uwanja peke yake, sisi tumesimama mstarini tunamwangalia. Kipande cha mchelewaji mmoja. Alipomaliza akavaa koti, tukaimba wimbo wa taifa.

MWALIMU: Hukuwahi kunisimulia ya koti.

DADA: Koti la kijivu, mfuko mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe. Kwa hiyo unaponiambia umeshamwambia mkuu wako...

MWALIMU: Nimemwambia. Jumatano asubuhi nilimfuata. Nikakata ile saa kwa mstari mmoja, nikaandika 1:40, nikatia sahihi. Kasema nimwandikie maelezo, nimeandika.

DADA: Vizuri. Na mtoto?

MWALIMU: Nitamwita nimwambie. Peke yake.

DADA: Hapana. Ulimwadhibu mstarini, umuombe radhi mstarini. Wenzake kumi waliona anang'oa majani. Wanajua alichelewa. Hawajui alichelewa kwa ajili yako.

MWALIMU: Nikisimama mstarini nikamtaja, ninamfanya nini yule mtoto? Kuanzia siku hiyo ni "yule aliyemwombesha mwalimu msamaha". Mnajua watoto. Wataifanya jina. Hakuomba kuwa shahidi.

DADA: Usimtaje. Sema, "Jumanne nilichelewa na niliandika uongo, na niliadhibu watu wa saa yangu."

MWALIMU: Na hapo nimewataja walimu wenzangu wote. Dada, hiyo 1:05 siyo yangu peke yangu. Kitabu kile kina 1:05 nyingi sana. Na kuna azimio la kazi, andalio la somo, shajala. Mengine yanaandikwa Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu iliyopita, kwa sababu mdhibiti ubora anakuja. Nikifungua mdomo mstarini nimefungua ofisi nzima, na wengine wana watoto wa kulea.

DADA: Hujaambiwa useme yao. Sema yako.

MWALIMU: Mzee wako alikuwa mwalimu mkuu. Akifyeka, nani atamwandikia barua? Mimi nina mkuu, nina afisa elimu kata, nina Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtoto mmoja akiwa na simu ya kaka yake, jioni niko mitandaoni.

DADA: Mzee naye alikuwa na wakubwa wake. Na alikuwa wa UPE, aliyedharauliwa kuliko wewe. Angekuwa na sababu ya kuficha kuliko wewe.

MWALIMU: Hiyo ni sawa. Lakini alifyeka, hakuhutubia. Mimi pia nataka kufyeka. Kumwita yule binti, kumtazama machoni na kumwambia nilikuona kwenye tope na nilikuona mstarini: hiyo ndiyo kwanja yangu.

DADA: Kwanja la mzee lilionekana na shule nzima.

MWALIMU: Na aibu ilikuwa ya mzee peke yake. Hapa inagawanyika.

DADA: Hatuelewani.

MWALIMU: Hatuelewani, na leo sitakukubalia ili kipindi kiishe vizuri.

DADA: Wala mimi. Kile kidole chenye wino kinanikaa. Ametoka ofisini amebeba saa yako ya uongo kwenye ngozi, akaenda nayo nyumbani. Ukimwambia peke yake, bado wenzake kumi wanaijua saa moja na dakika tano.

MWALIMU: Na nikisema mstarini, nitakuwa nimejisafisha mimi kwa kutumia miguu yake tena. Aliyesukuma boda ni yeye.

(Kimya. Mvua.)

DADA: Kuna mtu anagonga. Kwaya wameshafika, chumba ni chao kuanzia saa 12. Na yale mambo matatu?

MWALIMU: La kwanza lilikuwa... mwandiko wangu siusomi. Tuyaache.

DADA: Tuyaache kabisa, siyo wiki ijayo. Wiki ijayo nataka kujua ulimwambia nini. Zamu ya Jumatatu ni ya nani?

MWALIMU: Ya mwalimu mwingine. Ila nitapanda Noah ya kwanza. Yule binti anapita pale penye tope mapema kuliko wote.

DADA: Mwambie kabla ya kengele, basi. Hapo angalau tunaelewana.

MWALIMU: Hapo tunaelewana.

DADA: Wasikilizaji, nimeenda Makambako mwezi uliopita, nikarekodi. Mlingoti umekatwa, chuma sasa kiko kwenye nguzo. Nawaachia, kwaya watusamehe dakika moja.

(Chuma kinagongwa mara tatu. Mlio unakwenda, unafifia, unaendelea.)

MWALIMU: Rimu hiyo.

DADA: Subiri. Bado iko bondeni.